Maswali ya Wasomaji: Ukaguzi wa Diski Unapogoma Kompyuta Ikiwaka

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja: kompyuta inawaka, inataka kuikagua diski kabla haijafungua Windows au Ubuntu, kisha kazi inakwama njiani. Kabla ya kugusa amri yoyote iliyomo humu, nakili kwanza mafaili ambayo huna nakala yake mahali pengine. Kazi ya programu ya ukaguzi (chkdsk kwenye Windows, fsck kwenye Ubuntu) ni kunyoosha mpangilio wa diski, na ikikuta rekodi iliyovurugika vibaya inaweza kuiondoa ili mengine yakae sawa. Rekodi hiyo huenda ikawa ndiyo faili lako la mahesabu.

Nina duka la steshenari, natumia kompyuta ya mezani yenye Windows 7. Niliandika chkdsk C: /f, nikajibu Y, nikawasha upya. Skrini ikaandika "Cannot open volume for direct access", kisha kwamba autochk haiwezi kufanya kazi kwa sababu ya programu iliyowekwa karibuni, na mwishoni 766f6c756d652e63 3f1. Sijaweka programu yoyote mpya. Kila nikirudia ni yale yale. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Tarakimu hizo zisikutie hofu. Ni herufi zilizoandikwa kwa namba: 76 ni v, 6f ni o, 6c ni l, na ukiendelea hivyo unapata volume.c, jina la faili la msimbo wa programu yenyewe. Hazikuambii diski imeharibika wapi. Sentensi ya kuishughulikia ni ile ya kwanza, kwamba programu imeshindwa kuishika C:, yaani sehemu ya diski yenye Windows, moja kwa moja.

Ukiamuru chkdsk C: /f huku Windows inatumika, C: haiwezi kufungwa, kwa hiyo kazi inaahirishwa. Atakayeifanya kompyuta ikiwaka ni programu nyingine, autochk.exe, inayokaa C:\Windows\System32. Huitwa mapema sana, kabla hata ya skrini ya kuingizia nywila, na inataka diski iwe yake peke yake. Ikikuta draiva ya programu nyingine imetangulia kuishika C:, unapata ujumbe huo. Wa kuangaliwa kwanza ni antivairasi, programu za kuifunga diski isisomeke bila ufunguo, programu za kuchukua nakala ya diski nzima, na zile za kugandisha kompyuta ili kila ikiwashwa irudi ilivyokuwa jana, ambazo hupatikana sana kwenye kompyuta zilizotoka intaneti kafe. Hukuweka kitu kipya, sawa, lakini antivairasi hujisasisha yenyewe bila kukuuliza, na sasisho moja linatosha.

Kuna sababu nyingine mbili, zisizo za mara kwa mara: autochk.exe yenyewe kuharibika, au diski kuwa inakufa. Ili usibahatishe, fanya kwanza ukaguzi ukiwa nje ya Windows hiyo. Washa kompyuta, gonga F8 mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea, chagua "Repair Your Computer", kisha "Command Prompt". Kama chaguo hilo halipo, tumia DVD au fleshi ya kusakinishia Windows 7. Ya Windows XP usiitumie kwa kazi hii. Humo ndani usiandike C: kwa mazoea. Windows 7 nyingi zina kipande kidogo cha MB 100 mwanzoni mwa diski, nacho mara nyingi huchukua herufi C ukiwa kwenye mazingira haya, na Windows yako ikageuka D. Andika diskpart, kisha list volume, angalia ukubwa na majina, kisha exit. Ukishaijua herufi, tuseme ni D, andika:

chkdsk D: /f

Ukaguzi ukipita hadi mwisho, diski inashikika vizuri na mwenye kosa ni kitu kilichomo ndani ya Windows. Ukigoma hata hapa, au ukitoa ujumbe wa kushindwa kusoma, ruka ujibiwe pamoja na msomaji wa Eldoret hapo chini.

Tuchukulie umepita. Rudi kwenye Windows, andika regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows) kwenye menyu ya Start, ufungue HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager. Kabla ya kubadili chochote, bofya "File" kisha "Export" uhifadhi sehemu hiyo. Upande wa kulia fungua BootExecute. Katika hali ya kawaida kuna mstari mmoja tu:

autocheck autochk *

Kama umepanga ukaguzi, utaona pia mstari wenye \??\C: ndani yake, nao si tatizo. Mstari wa kuutilia shaka ni ule wenye jina la programu usiyoijua, kwa kawaida mabaki ya programu ya kugawa diski au ya kupanga mafaili ambayo iliondolewa nusunusu. Ufute, acha ule wa kawaida. Usiache kisanduku kitupu, maana ukaguzi hautaitwa kabisa.

Baada ya hapo iondoe antivairasi. Kuizima kwa kubofya alama yake karibu na saa hakutoshi, kwa sababu draiva yake itaendelea kupakiwa kila kompyuta ikiwaka. Iondoe kabisa, ikiwezekana kwa kifaa cha kuondolea kinachotolewa na watengenezaji wake, washa upya, panga ukaguzi tena. Kama kuna programu ya kugandisha, iyeyushe kwanza, yaani uzime ugandishaji wake. Ikiachwa hai, hata rekebisho lililofanikiwa linaweza kutupwa kompyuta ikizimwa.

Bado? Sasa ndiyo zamu ya autochk.exe. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika sfc /scannow, usubiri ifike asilimia 100. Hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala zake na kuyarudisha yaliyoharibika. Tunawasihi msichukue autochk.exe ya kompyuta nyingine mkaibandika: toleo lisipolingana, au moja ikiwa ya biti 32 na nyingine 64, umejiongezea kazi.

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ukishaiondoa antivairasi, kompyuta hiyo isiguse intaneti mpaka umeweka nyingine.

Salaam mafundi. Kompyuta ya mapokezi hotelini kwetu inakagua diski kila asubuhi. Inamaliza, Windows inafunguka vizuri, kesho yake inaanza upya. Kijana mmoja alituandikia chkntfs /x C: lakini bado inakagua. (Msomaji, Mombasa)

Soma vizuri ule mstari wa skrini unaotaja herufi. Mara nyingi inayokaguliwa ni D:, wakati mtu amezuia ukaguzi wa C:. Isitoshe, amri ya chkntfs /x haijumlishi: ukiandika ya pili, ya kwanza inafutika. Ila hata ingefanya kazi tusingeipendekeza. Inaficha ukaguzi tu, alama iliyousababisha inabaki palepale.

Alama hiyo Windows huiweka kwenye diski ikiona mpangilio wake una mashaka, kwa mfano umeme umekatika katikati ya kuandika. Autochk ikimaliza kurekebisha, huiondoa. Iulize hivi, ukiwa na ruhusa ya msimamizi:

fsutil dirty query D:

Jibu likiwa "NOT Dirty" na bado asubuhi inakagua, basi kuna mstari wa ukaguzi ulionasa kwenye BootExecute, tuliyoieleza hapo juu. Andika chkntfs /d, inayorudisha mipangilio ya mwanzo na kufuta pia ile /x ya kijana wenu.

Jibu likiwa "Dirty", na ni D: isiyo na Windows, huna haja ya kungoja asubuhi. Funga programu zote zinazotumia mafaili ya D:, uandike chkdsk D: /f /x. Hiyo /x ya chkdsk ni nyingine kabisa: inailazimisha diski ifungwe ili ikaguliwe hapohapo. Kisha uliza tena kwa fsutil. Alama ikiwa imeondoka na ikarudi kesho yake, kuna kitu kinachochafua, na kinatafutwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Andika eventvwr, fungua "Windows Logs", kisha "System". Tukio namba 55 kutoka Ntfs ni mpangilio ulioharibika. Namba 7 kutoka disk ni sekta (kipande kidogo cha diski) isiyosomeka. Namba 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililobidi kurudiwa, na hapo angalia kwanza kebo ya SATA, waya unaounganisha diski na ubao mkuu: ichomoe pande zote mbili, irudishe, au weka mpya, ni kitu cha bei ndogo. Kukiwa na 55 tupu bila makosa ya disk, pima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa mdsched, kwa sababu RAM mbovu huandika upuuzi hata kwenye diski isiyo na kasoro.

Mkiona kumbukumbu hazina kosa lolote la kifaa, angalieni jinsi inavyozimwa. Kompyuta ya mapokezi inayozimiwa swichi ya ukutani kila zamu ikiisha itachafuka kila siku.

Nimepanga ukaguzi, nimezima laptopu usiku, asubuhi nimewasha, hakuna kilichotokea. Ni Windows 10. (Msomaji, Kigoma)

Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 8, 10 na 11 si kuzima kamili. Kipengele kiitwacho Fast Startup huhifadhi kiini cha Windows kwenye diski na kukirudisha asubuhi, hivyo hatua inayoita autochk inarukwa. Chagua "Restart", au andika shutdown /r /t 0. Ukaguzi ukipita haraka usiuone, matokeo yake yako kwenye eventvwr, "Windows Logs", "Application", chanzo Wininit, tukio namba 1001.

Habari zenu. Laptopu ya mtumba, diski ya TB 1. Ukaguzi wa chkdsk /r umefika asilimia 11 na umekaa hapo tangu jana jioni. Nikizima nitaharibu? Kuna kazi yangu ya chuo humo na sina nakala. (Msomaji, Eldoret)

Kwako tunaandika kwa uzito, kwa sababu /r ndiyo amri inayotumika vibaya kuliko zote, na mafundi wengi wa mtaani huianza kabla ya kuuliza kama kuna nakala.

Fanya hesabu kwanza. Hatua tatu za mwanzo za chkdsk hukagua rekodi za mafaili, majina na folda, na ruhusa. Ukiweka /r zinaongezeka mbili: kusoma data ya kila faili, kisha kusoma nafasi yote iliyo wazi. Maana yake diski nzima inasomwa. Diski ya TB 1 inayosoma MB 100 kwa sekunde itachukua sekunde 10,000, karibu saa 2 na dakika 47, ikiwa nzima. Diski za laptopu hupungua kasi kadiri zinavyosoma kuelekea ndani, kwa hiyo saa 4 au 5 si ajabu. Asilimia yenyewe haiendi sawasawa. Inaweza kuganda muda mrefu kisha iruke. Lakini usiku kucha bila kusogea hata moja, huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, maana yake karibu kila mara ni sekta mbovu: diski inarudia kusoma sehemu moja tena na tena, sekunde kadhaa kwa kila sekta, na mbele yake kuna maelfu.

Ndiyo, kukata katikati kuna hatari, hasa ikiwa inaandika. Ila kuiacha diski inayokufa iendelee kukwaruzwa kuna hatari kubwa zaidi. Ukisikia mlio wa tk-tk unaojirudia, zima sasa hivi, usisubiri chochote. Bila mlio, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 mpaka izime. Usiiwashe tena kutoka kwenye diski hiyo.

Itoe. Kwenye laptopu nyingi za zamani ni skrubu chache chini. Iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB kwenda SATA. Windows ya kompyuta hiyo ikiuliza kama irekebishe diski, kataa. Kisha soma afya yake kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Kuna mistari minne ya kuangalia: 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zinazosubiri kubadilishwa, C6 ni zilizoshindikana, na C7 ni makosa ya mawasiliano, ambayo huelekeza kwenye kebo. Safu ya mwisho kwa kawaida imeandikwa kwa namba za msingi wa 16, kwa hiyo 0000000000F8 kwenye C5 usiisome kama sifuri nyingi na herufi. Ni sekta 248 zisizosomeka. C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, hakuna ukaguzi hapo, ni kunakili tu.

Anza na folda ya chuo peke yake. Ikinakilika, umepona. Isiponakilika, tumia Linux kwenye fleshi na programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa baadaye. Unahitaji diski ya pili yenye nafasi ya wazi inayozidi TB 1, isiwe ya FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4. Tambua diski zako kwa lsblk, ukiangalia ukubwa na modeli; hapa mbovu tunaiita sdb. Fungua dirisha la amri kwenye folda ya ile diski ya pili, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Ikimaliza, rudi kwenye zile ngumu:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map

Faili la ramani usilifute. Ndilo linaloikumbusha programu ilipofikia, hata umeme ukikatika unaendelea palepale. Ukaguzi, kama bado unautaka, unafanywa kwenye nakala ya nakala.img, kamwe si kwenye diski yenyewe. Ukikuta folda iitwayo found.000 yenye mafaili kama FILE0000.CHK, hivyo ni vipande ambavyo chkdsk ilivikuta havina mwenyewe. Huenda kazi yako imo. Jaribu kuvifungua kwa Word kabla ya kuvitupa.

Wenye laptopu zilizofungwa kwa BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows, ufunguo wenu wa tarakimu 48 uwe mkononi kabla ya kuitoa diski au kuingia kwenye mazingira ya ukarabati. Bila huo, nakala mtakayoitoa haitasomeka.

Maabara ya shule yetu ina kompyuta za Ubuntu. Jumatatu baadhi yake hugoma kuwaka, zinaandika "UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY" na kuishia kwenye (initramfs). Siku nyingine hazina shida. Tumebadilisha diski ya moja, hali ni ileile. (Mwalimu, Mbeya)

Mwalimu, hiyo Jumatatu ndiyo jibu lako, lakini kwanza uziwashe. Juu kidogo ya ujumbe kumeandikwa jina la sehemu yenye tatizo, tuseme /dev/sda2. Kwenye (initramfs), mahali pa dharura pa kuandikia amri, andika:

fsck -y /dev/sda2

Ikimaliza, andika reboot. Ukitaka kujua ilikoishia, andika echo $? mara tu inapomaliza: 0 ni salama, 1 ni makosa yamerekebishwa, 2 ni lazima uwashe upya, 4 ni makosa yamebaki, 8 ni programu yenyewe imeshindwa kufanya kazi. Namba hujumlishwa, kwa hiyo 3 ni 1 na 2. Ukipata 4 mara mbili mfululizo, mpe diski hiyo uangalizi tuliompa msomaji wa Eldoret.

Sasa soma maneno ambayo fsck inayaandika kabla ya kurekebisha. Tunatarajia utakuta "Superblock last mount time is in the future". Maana yake diski inasema ilitumika mara ya mwisho mwaka huu, na saa ya kompyuta inadai tuko miaka mingi nyuma. Ukaguzi huvumilia tofauti ya hadi saa 24. Ikizidi hapo hukataa kuendelea peke yake na kumwita mtu.

Saa hiyo inalishwa na betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032. Betri ikiisha, kompyuta iliyochomekwa ukutani bado hutunza saa kwa umeme wa ukutani, hata ikiwa imezimwa. Ijumaa mnazima swichi kuu ya maabara, saa inapotea, Jumatatu ukaguzi unagoma. Na kwa kuwa Ubuntu ikishafunguka hujirekebishia saa kwa intaneti, mtu akitazama kona ya skrini anaona saa sahihi na hashuku chochote.

Chomoa waya wa umeme, fungua kasha, sukuma kibanio cha betri kwa kucha au bisibisi ndogo, itoke. Ipime: mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Weka mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha ingia BIOS, programu ya mipangilio ya ubao mkuu, uweke tarehe na saa. Angalia pia mpangilio wa diski humo, kwani betri ikiisha BIOS nyingine hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Badilisheni za maabara nzima kwa pamoja kama zilinunuliwa siku moja. Ili kuhakikisha, chomoeni moja ukutani usiku kucha bila waya wa mtandao, asubuhi muiwashe na kuandika sudo hwclock -r. Ikionyesha tarehe ya leo, diski ile mliyoitoa inaweza kupimwa na kurudishwa kazini.